UZI: Nyalenda na Manyatta wenye ardhi wana hati miliki. Mbona mitaa haibadiliki?

#1 Ja_Ringroad
Salamu wadau. Mjadala wa mitaa ya mabanda ukianza humu, haichukui muda mtu ametuletea Kibera. Watu wakisikia mabanda wanafikiria ardhi ya serikali, watu waliojenga bila kibali, halafu tingatinga alfajiri. Kisumu mambo si hayo. Nyalenda, Manyatta, na sehemu kubwa ya Obunga na Bandani ni ardhi ya watu. Mwenye boma alirithi kwa babake, na babake naye alirithi. Hakuna wa kumwambia ahame.

Sasa nielezeni. Ukisimama upande wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, ukatazama Nyalenda, unaona mabati yenye kutu yakishuka kuelekea ziwani. Ndani kule ni chumba cha udongo cha futi kumi kwa kumi, choo kimoja cha shimo cha ploti nzima, na kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo chooni. Na mwenye ploti ana hati ambayo benki yoyote ingeipokea. Miradi imekuja tangu sijazaliwa. Mbona?

Dai langu ni kwamba hati yenyewe ndiyo inayotufunga. Kwenye ardhi ya umma serikali inaweza kuchora barabara ikapita. Hapa kila futi ya barabara ina mwenyewe, na mwenyewe hataki kuitoa. Anayepinga alete hoja.

#2 Omena_Daima
Nimevuta kiti. Mpima_Ardhi aje, huu ni uwanja wake.

#3 Mpima_Ardhi
Nimeitwa, nimekuja. Ja_Ringroad umegusa penyewe lakini umeruka historia.

Reli ilifika hapa 1901, mji ukaitwa Port Florence. Mji uliopimwa na mkoloni ulikuwa mdogo: bandari, stesheni, maduka ya Wahindi na nyumba za wazungu mlimani. Mfanyakazi Mwafrika hakupangiwa pa kulala pa maana, akalala nje ya mpaka, kwa jamaa au kwa kupanga, mahali ambapo sheria za ujenzi za mji hazikufika. Huo mkanda wa Obunga, Manyatta na Nyalenda ulizaliwa hivyo, ukauzunguka mji wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ukasukumwa nje, manispaa ikawa na kilomita za mraba 417, na 157 kati ya hizo ni maji ya ziwa. Watu wakaamka wako mjini bila kuhama kijijini.

Sasa sikia penye tatizo. Zile hati zilitolewa kama za mashamba. Ramani yake inaonyesha ua na mipaka ya boma, haionyeshi mtaro, haionyeshi njia ya bomba la majitaka. Mzee mwenye eka mbili akawagawia wanawe watano. Mmoja akauza kipande, mwingine akajenga vyumba vya kupangisha mpaka ukingoni. Njia pekee iliyobaki ni ile ya ng'ombe kwenda mtoni, na ndiyo hiyo leo bodaboda mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma.

Kwa hiyo mimi siilaumu hati. Nalaumu kwamba ardhi iligawanywa na hakuna aliyesimama kudai barabara. Sheria ya mipango ya 2019 inamtaka anayegawa ardhi aachie nafasi ya njia, lakini Nyalenda mgao ulikwisha kitambo. Tena mwingi haukusajiliwa kabisa. Ukienda kwa msajili unakuta kipande chenye nyumba thelathini bado ni shamba moja la mzee aliyefariki.

#4 Mama_Ploti_Manyatta
Ja_Ringroad mwanangu, hiyo hati "ambayo benki yoyote ingeipokea" siijui. Nina vyumba kumi Manyatta nilivyoachiwa na marehemu mume wangu. Hati ina jina la baba mkwe. Ili niirithi kisheria, ndugu wote wa mume wangu lazima watie sahihi, na wawili kati yao hawasemezani tangu matanga ya mama yao. Nimeenda benki na kodi zangu nimeziandika vizuri kwenye daftari, wakaniuliza tu jina langu liko wapi kwenye hiyo hati. Wajane wa hapa wengi tuko hivyo. Tuna ardhi ya kukaa, hatuna ardhi ya kukopea.

La pili, choo. Mnazungumzia choo kama vile mwenye ploti anapenda kunusa. Kwangu fundi alichimba akagonga jiwe. Dada yangu yuko Nyalenda, udongo mweusi wa mfinyanzi, huko ukichimba kidogo tu maji yanakupokea, na mvua ikinyesha shimo linapanda mpaka juu. Lori la kunyonya haliwezi kuingia kichochoroni. Basi wanaitwa vijana usiku. Wanakuja na ndoo, kamba na mafuta ya taa ya kumwaga shimoni kupunguza harufu, wanachota kwa mikono, wanabeba kwa mkokoteni. Kile kinachobebwa kinamwagwa wapi? Kila mtu hapa anajua, ni mtaroni, na mtaro unaenda ziwani. Ningekuwa na bomba la majitaka mlangoni ningeunganisha kesho.

#5 Fundi_Kondele
Mama, heshima zako. Yote umesema kweli.

Lakini wadau, angalieni. Mpaka hapa tunazungumzia mwenye ardhi tu. Sisi tunaopanga ndio wengi katika hiyo mitaa, na hakuna aliyetutaja.

Wacha niwape yangu. Barabara ya cabro ilipokuja mtaani kwetu nilipata kibarua hapo hapo. Nilibeba mawe, nikachanganya zege la mtaro, nikalala vizuri nikijua mwaka huo maji hayataingia ndani. Taa ya mulika mwizi ikasimamishwa pia, mke wangu akaanza kuuza chapati mpaka saa nne usiku, kitu ambacho hatukuwahi kuthubutu. Mradi ulipokwisha, mwenye nyumba akaja na karatasi. Chumba cha 2,500 kimekuwa 4,000 kuanzia mwezi ujao, kwa sababu "sasa uko barabarani". Tukahama. Tumerudi ndani zaidi, kwenye tope, mbali na ule mtaro niliochimba kwa mikono yangu. Chumba chetu cha zamani amehamia kijana anayefanya kazi kwenye duka la simu.

Kwa hiyo mimi swali langu ni tofauti na la Ja_Ringroad. Mtaa ulibadilika, nauliza ulibadilikia nani.

#6 Omena_Daima
Pole sana Fundi. Hii ndiyo shida ya hii miradi iliyoanza 2004 na KENSUP, ule mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda. Kabla ya hapo hakuna aliyejaribu chochote Kisumu, na sasa kila mtu anajifunza kwa mgongo wa mpangaji.

#7 Wakili_Mtaani
Fundi, kwa faida ya wengine: sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake halisi haizidi 2,500 kwa mwezi. Chumba chako kilikuwa ndani ya huo mpaka. Mwenye nyumba wa namna hiyo hapandishi apendavyo, anatakiwa apitie baraza la kodi kwanza. Kiwango hicho ni cha zamani mno na nyumba nyingi za mjini zimekipita, lakini vyumba vya mabanda bado vingi viko chini yake. Ajabu ni kwamba wanaolindwa na hiyo sheria ndio hawajawahi kuisikia.

Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja makao ya kutosha na usafi wa mazingira kama haki ya kila mtu. Haikusema kila mwenye hati.

#8 Fundi_Kondele
Asante Wakili. Ningeenda barazani, wiki iyo hiyo mlango ungevuliwa bawaba. Ukweli ndio huo.

#9 Rhonda_Finest
Hodi hodi, naingia kutoka Nakuru. Ja_Ringroad, nadharia yako ya hati na njia za ng'ombe inaanguka ukifika kwetu. Rhonda na Kaptembwo zilikuwa mashamba ya walowezi. Yakanunuliwa na kampuni za ununuzi wa ardhi, wanahisa wakagawiwa ploti. Zilipimwa. Njia zipo, lori linapita. Na bado ukiingia ndani ya geti unakuta familia ishirini, choo kimoja, na bafu ni gunia.

Kwetu sababu ni moja, mwenye ploti haishi hapo. Yuko Nyandarua, au Kericho, au Nairobi, anapokea kodi kwa simu mwisho wa mwezi. Keateka, yaani mtunza ploti, ndiye anajua choo kimejaa, na keateka hana uwezo wa kuidhinisha hata msumari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na mradi wa vyoo uliofanya jambo la maana. Waliwaita wenye ploti na wapangaji pamoja, wakatembea wote mpaka nyuma ya nyumba wakaona mavi yanatiririkia wapi, kisha benki ikatoa mikopo ya kujenga vyoo bora. Wenye ploti wengi walijenga. Hawakubomolewa na hawakuhamishwa. Waliaibika, halafu wakakopeshwa.

Na kwa heshima zote, sisi tumekuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Nyinyi ni jiji tangu 2001 na bado mnatafuta pa kupitisha bomba.

#10 Omena_Daima
Jiji la juzi linataka kutufundisha. Kwanza tuambie maji yenu ya visima yameacha kupaka watoto meno rangi ya kahawia?

#11 Rhonda_Finest
Hapo umenigonga. Floraidi bado ipo, hatuwezi kukataa, bonde lote la ufa lina hiyo shida. Lakini sisi hata mavi tunayauza. Kampuni ya maji ya Nakuru ina kitengo kinachotengeneza makaa kutokana na uchafu wa vyoo, yanaitwa Makaa Dotcom. Hayatoi moshi na hayanuki, nimeyapikia mwenyewe githeri ikaiva.

#12 Mwl_Migosi
Wadau, niruhusuni nirekebishe mambo mawili.

Omena_Daima #6, si kweli kwamba hakuna kilichojaribiwa kabla ya KENSUP. Mwaka 1978 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa pili wa miji nchini, na Kisumu ilikuwemo. Migosi ninakoishi ilizaliwa hapo. Watu wa kipato cha chini walipewa ploti zilizopimwa, zenye maji, majitaka na barabara, kila mmoja ajijengee polepole. Na Nyalenda, Pandpieri na Manyatta zilitengewa sehemu ya kuboreshwa pale zilipo, watu wasihamishwe.

Sasa tembea Migosi leo. Ni mtaa mzuri. Kuna shule, kuna geti la chuma kila nyumba, walimu, wauguzi, watu wa benki. Lakini wale waliolengwa wako wapi? Wengi waliuza. Mtu amepewa ploti, mtoto amefukuzwa shule kwa karo, anatokea mwenye mshahara na pesa taslimu, unadhani atafanya nini? Akauza, akarudi Manyatta kupanga. Aliyonayo Fundi #5 leo yaliwapata wengine miaka arobaini iliyopita. Nyumba zilifaulu, watu hawakufaulu nazo.

La pili, Rhonda_Finest umesema mwenye ploti haishi hapo ndiyo maana mambo ni mabaya. Mama_Ploti #4 anaishi hapo hapo na bado choo kimejaa. Kwa hiyo na hiyo nadharia haijatufikisha.

#13 Rhonda_Finest
Mwalimu, nakubali kwa Manyatta. Sikubali kwa Kaptembwo.

#14 Nyar_Obunga
Mimi nasoma nashangaa. Hati, mipaka, barabara. Mbona hamuulizi watu wanakula nini?

Obunga ipo pale ilipo kwa sababu ya kazi. Iko karibu na viwanda. Viwanda vya samaki vilipoanza kukata mbuta, minofu ikaanza kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mgongo wazi. Kwa asiyejua: ni kichwa, mkia na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyoponea kisu. Inaletwa asubuhi kwa mkokoteni, tunaiosha, tunaitandaza juu ya nyavu ipigwe jua, inzi wakifukuzwa kwa tawi, kisha inaingia kwenye karai la mafuta juu ya kuni. Inatoka kavu, inaita mdomoni. Mama mmoja akichukua deni la mzigo Jumatatu, Ijumaa amelipa na watoto wamekula. Hiyo biashara imesomesha watu mpaka chuo kikuu, wengine wenu mko humu mnajifanya hamjui.

Sasa mniambie, mkinipa nyumba ghorofa ya nne, nitawasha kuni wapi? Nitaanika wapi? Watu wa mipango wakija wanahesabu vyumba na vyoo. Uwanja wa mbele ya nyumba wanauona kama nafasi tupu ya kupitisha kitu. Ule uwanja ndio kiwanda changu.

Na kila Obunga ikitajwa, mtu lazima aseme chang'aa. Ipo. Hata hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa mtaji wa samaki.

#15 Omena_Daima
Nyar Obunga, mgongo wazi na ugali moto, na sukuma pembeni. Umenihamisha kwenye mada kabisa.

#16 Mzalendo_2030
Naona watu wanalia sana humu. Suluhisho lipo na limeanza. Nyumba za bei nafuu. Bondeni kule Nakuru nyumba 605 zimesimama. Hapa Kisumu Makasembo vile vibanda vya manispaa vya zamani vilibomolewa, ghorofa zikapanda, na Lumumba vilevile. Sheria ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 1.5. Pesa ipo. Toa watu, bomoa, jenga juu, warudishe. Singapore walifanya. Huwezi kuboresha nyumba ya matope.

#17 Wakili_Mtaani
Mzalendo, polepole. Makasembo na Lumumba ilikuwa ardhi ya kaunti, na Bondeni vilevile. Mwenye ardhi alikuwa mmoja, akaamua. Nyalenda utamtoa nani? Kila ploti utainunua kwa fidia ya haki na ya haraka, ndivyo Katiba inavyosema kwenye kifungu cha 40. Kwa bei ya ardhi iliyo karibu na Milimani, hesabu yako haitafika hata barabara ya kwanza.

Na neno "toa watu" lisikutoke kirahisi. Kibos, Februari 2021, nyumba za jamii ya Wanubi waliokaa pale vizazi kadhaa zilibomolewa kwa sababu ya ardhi ya reli, katikati ya korona, maelfu wakalala nje. Sheria ya ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Desemba 2019 ilikuwa Lwang'ni, mama wauza samaki wa ufuoni. Watu wa Kisumu wakisikia tingatinga hawafikirii Singapore.

#18 Mzalendo_2030
Wakili, Kibos siitetei. Lakini notisi ikitolewa na fidia ikalipwa, bado mtasema hapana. Mnataka kila mtu abaki palepale na kila kitu kibadilike. Haiwezekani.

#19 Fundi_Kondele
Mzalendo ndugu yangu, mimi sikatai ghorofa. Nimezijenga. Nilipouliza utaratibu wa kupata moja, nikaambiwa nijisajili, niweke akiba ya amana, halafu nilipe kila mwezi miaka na miaka. Kuna mwezi nina kazi siku ishirini, kuna mwezi sina hata moja. Kodi ya mwenye nyumba naweza kumwomba anisubiri mpaka Jumamosi. Hiyo ya serikali nitamwomba nani?

#20 Ja_Ringroad
Nimesoma yote, asanteni. Narudi kwenye dai langu, kwa sababu bado sijaona lililoliangusha. Rhonda_Finest anasema kwao njia zipo na bado shida ipo. Sawa, lakini tazama: kwao choo kilipotakiwa kilijengwa, maana lori na fundi wanafika. Kwetu hata mwenye nia anakwama. Nina jirani aliyetaka kuvuta bomba la majitaka kutoka barabara kubwa kwa pesa yake. Lilipaswa kupita ploti mbili za watu. Wa kwanza alikubali. Wa pili akasema bomba litapita juu ya kaburi la mamake.

#21 Mpima_Ardhi
Hapo kwenye makaburi ndipo penyewe, na miradi mingi huja bila kulijua hilo. Ardhi ya hapa ni dala, yaani boma la Kijaluo. Mzee anazikwa ndani ya boma lake, wanawe pia. Nimeshika mashine kwenye uchochoro Nyalenda, mstari wa barabara kwenye karatasi umenyooka vizuri, nikiinua macho naona msalaba wa saruji katikati na mama ameanika dagaa kando yake. Unapinda mstari. Ukipinda hapa, unaingia nyumbani kwa jirani. Jirani naye ana kaburi. Barabara ya mita tisa inakuwa ya sita, ya sita inakuwa njia ya miguu.

Na kuna hofu nyingine msiyoitaja. Miaka ya 1970 serikali ilichukua ardhi Kanyakwar kwa upanuzi wa mji, na malalamiko ya fidia hayajaisha mpaka leo. Wazee wa Nyalenda waliyaona yale. Mtu akija na ramani na fulana ya mradi, hata kama anataka futi tatu za mtaro, mzee anaona Kanyakwar.

#22 Bomba_Nyalenda
Salaam. Nimefanya kazi ya maji Nyalenda miaka mingi, naomba niongeze kisa kimoja ambacho kimefaulu, maana uzi umejaa vilio.

Zamani mabomba ya Nyalenda yalikuwa kama tambi. Kila mtu anatoboa, anavuta mpira wake mita mia mbili, unapita kwenye mtaro, unapasuka, maji ya mtaroni yanaingia ndani. Maji mengi yalipotea na kipindupindu hakikuisha. Katikati ya miaka ya 2000 KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ikabadili mtindo. Ikaleta bomba kubwa hadi mahali pamoja, ikaweka mita kuu, ikauza maji kwa jumla kwa kikundi cha wenyeji wa hapo. Kikundi ndicho kikawa kinaunganisha nyumba na vioski, kinakusanya pesa, kinafukuza wezi wa maji. Mtu wa kikundi anajua kila mlango. Mpira uliotoboka anauona asubuhi, haisubiri fomu ofisini.

Kwa nini hilo liliwezekana na barabara ikashindikana? Nadhani ni kwa sababu bomba la inchi moja linapita pembeni ya uchochoro, halimnyimi mtu hata chumba kimoja. Barabara inakula nyumba. Majitaka nayo yanataka mteremko, huwezi kuyapindisha unavyotaka. Kila kinachohitaji ardhi kinakwama.

#23 Ja_Ringroad
Bomba, umenitetea bila kujua.

#24 Nyar_Obunga
Hajakutetea. Amesema maji yalifaulu kwa sababu wenyeji walikuwa na kipato ndani yake. Kikundi kinakula kutokana na mita. Barabara hainilipi mimi kitu, inanichukulia uwanja. Nilipe, uone kama sitatoa futi tatu.

#25 Bomba_Nyalenda
Nyote wawili mna haki. Lakini msisahau mafuriko. Mei 2020 ziwa lilipopanda, chini ya Nyalenda B kuelekea Dunga watu walitoka kwa mtumbwi. Mto Auji ukijaa hauulizi nani ana hati. Kuna sehemu ambazo hata tukikubaliana hazifai kujengwa chochote, na humo ndimo kodi ni rahisi, na humo ndimo Fundi wa #5 amesukumwa.

#26 Fundi_Kondele
Umejuaje niko huko?

#27 Mama_Ploti_Manyatta
Pole Fundi wangu. Nikuulize, kama ni mimi mwenye nyumba wako, barabara imepita mbele yangu, nimepoteza vyumba viwili vilivyobomolewa kupisha mtaro, fidia ya vyumba nimeambiwa isubiri, unataka niweke kodi ileile? Nina watoto wawili sekondari. Simtetei aliyekuhamisha kwa karatasi ya mwezi mmoja. Nasema tu pesa ya ile barabara ilitoka mahali, na mahali penyewe ni mfukoni mwa watu wawili, wewe na mimi.

#28 Fundi_Kondele
Mama, hapo sina jibu la haraka. Lakini wewe vyumba vinane vimebaki na ni vyako. Mimi kilichobaki ni godoro.

#29 Wakili_Mtaani
Kuna njia moja ambayo sijaona ikitajwa. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020 inaruhusu jengo moja kuwa na hati za vyumba mbalimbali. Ndugu wa Mama_Ploti wasiosemezana wangeweza kuunganisha kipande chao, kujenga juu badala ya kutandaza, kila mmoja akapata hati yake ghorofani, na ardhi iliyobaki chini ikawa njia na choo. Majirani watatu wakifanya hivyo uchochoro mzima unafunguka.

#30 Mama_Ploti_Manyatta
Wakili, wewe waletee ndugu za mume wangu meza moja, chai nitapika mimi.

#31 Mwl_Migosi
Na baada ya kujenga juu, wapangaji wa vyumba vya 2,500 wanaenda wapi? Narudi palepale. Kila suluhisho humu linamwinua mwenye ardhi. Siku tutakapojua mtu wa kibarua analala wapi kwa pesa anayoipata, hapo nitaamini mtaa umeboreshwa. Mpaka sasa hata huko Migosi tulishindwa, na huko kila kitu kilikuwa kimepimwa.

#32 Mzalendo_2030
Basi kaunti ijenge nyumba za kupangisha tu, zisiuzwe. Kama zile za zamani za manispaa. Hapo mtanipinga tena?

#33 Mwl_Migosi
Hapo sikupingi. Ila zile za zamani ndizo umesema #16 zilibomolewa.

#34 Fundi_Kondele
Nina swali la mwisho kwa Mpima au Wakili. Awamu ya pili ya KISIP, mradi wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ikifika mtaani, kuna kamati ya mtaa inayochaguliwa. Mpangaji anaruhusiwa kugombea? Maana mkutano uliopita tuliambiwa waje wenye ploti.

#35 Wakili_Mtaani
Anaruhusiwa. Kamati inatakiwa iwe na wawakilishi wa wapangaji, akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Wakikwambia ni wenye ploti tu, omba waonyeshe mwongozo, na uandike jina la aliyekukataza.

#36 Mpima_Ardhi
Na ukichaguliwa, usingoje ramani iletwe imechapishwa. Siku tunaposhika mashine kuweka alama, tembea nasi. Mstari hubadilika hapo hapo chini, na wanaoubadilisha ni waliokuwepo. Sijawahi kuona mpangaji hata mmoja.

#37 Nyar_Obunga
Fundi gombea. Sisi wa Obunga tutakuja na mgongo wazi wa kampeni. Ila ukipita, ule uwanja wangu usiuguse.